Kikao cha Jumamosi: vyanzo vya Vita vya Maji Maji

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi nje ya maktaba ya UDSM, mchango buku tano ya fotokopi, mwisho Alhamisi jioni.

1. Timu A: masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo 1968, hayo ndo dhahabu yenyewe kwa hiyo msiyapitie juujuu.
2. Timu B: faili za Wajerumani Nyaraka za Taifa, Upanga. Bebeni vitambulisho, na msimeze kila kitu maana alieandika ripoti ndo huyohuyo aliekuwa anachoma mashamba 1905 mpaka 1907.

Vya kufowadiwa WhatsApp bila chanzo hapana 😂

Andika NIPO au SIPO kabla ya kesho usiku, kukaa kimya sio jibu jamani.