Una laki moja na nusu ya kamera? Usiimalize yote kwa kamera

Wiki haipiti bila kijana kuingia dukani kwetu Mwembe Tayari, Mombasa, simu mkononi, picha ya kamera anayoitaka iko tayari kwenye kioo. "Kaka, nina laki moja na nusu, hii nitaipata?" Mara nyingi ataipata. Lakini akishailipa hana tena pesa ya maiki wala ya betri ya pili, na harusi ya kwanza aliyoshika kurekodi video ni Jumamosi.

Nami nilianza hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa akdi ya ndoa katika msikiti mmoja wa Mji wa Kale. Nilikaa nyuma, kamera ikiwa na maiki yake ya ndani tu. Juu yangu feni, mbele yangu safu za watu. Picha zilitoka safi. Bwana harusi alipotamka kwamba amekubali, kilichosikika ni feni. Mama yake alinitazama akasema, "Hebu ongeza sauti, mwanangu," na sikuwa na sauti ya kuongeza. Tangu siku ile, mteja akinitajia bajeti, kwanza naitenga pesa ya maiki ndogo ya kubana kifuani na kinasa chake. Kamera ichaguliwe kwa kinachobaki.

Halafu nauliza: unarekodi nini? Kwa hotuba, mahafali au ibada ndefu, kamkoda (kamera ya video) iliyotumika, yenye tundu za XLR za maiki, itakufaa kuliko kamera ya picha yenye jina kubwa. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilitoza ushuru zaidi kamera inayoweza kurekodi nusu saa mfululizo. Mhubiri hajui habari hiyo, ataendelea tu.

Dada anayerekodi sherehe ya kupamba bibi harusi, ambako sisi wanaume hatuingii, shida yake ni mwanga. Yeye namshauri achukue bodi (kamera bila lenzi) ya zamani kidogo na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi. Ile lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hubaki f/5.6, hii huingiza mwanga karibu mara kumi. Ni ya bei nafuu, na bibi harusi ataonekana hina yake bila kumulikwa taa usoni.

4K, ile video yenye ubora wa juu, si lazima. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula takriban gigabaiti 45, na bado hujanunua diski ya kuhifadhia.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni umeme. Wetu ni wa hezi 50, wa Marekani ni 60. Kamera iliyotoka huko huja imewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kupokea mwanga wa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, na ukiiwasha ukumbini chini ya taa zetu, mistari ya kiza hutembea juu ya nguo nyeupe za watu. Ingia kwenye menyu utafute PAL, mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa hezi 50, uweke fremu 25 na shata 1/50. Kamera isiyo na PAL, weka shata 1/50 au 1/100, mistari hupungua sana. Na zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani, nyingine menyu yake ni Kijapani peke yake, kwa hiyo iwashe kabla hujalipa.

Kwa iliyotumika hapa Pwani, ogopa ukungu wa kuvu unaoota ndani ya lenzi. Toa lenzi kwenye kamera, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, iache, hata ikiwa ni bei ya kutupa. Tazama pia vyuma vya mahali pa betri: rangi ya kijani ni kutu, dalili kwamba huenda unyevu wa chumvi umekwisha kuingia. Ukinunua nzima, ihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na ukitoka chumba cha eisii iache ndani ya begi hadi ipate joto la nje kabla ya kuitoa.

Ukija kwetu, njoo na memori kadi yako na usiwe na haraka. Tutaiwasha, tuiache irekodi dakika 40 mezani huku tukizungumza, kisha tuisikilize pamoja kwa hedifoni.