Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Watafsiri wa Filamu, Tunduma

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida za mwaka mnazijua. Mafunzo ya kurekodi yamefanyika, filamu tulizozitafsiri kwa Kiswahili zimeendelea kwenda kwenye mabanda ya video, wenzetu waliofiwa tumewashika mkono. Za Kibemba, lugha ya kaskazini mwa Zambia, zimetoka nne, zote za ngumi na vichekesho vya Hong Kong, na hapo ndipo penye maneno.

Tangu mkutano wa Aprili uamue filamu za Kibemba ziingizwe sauti za waigizaji watano, watatu wakitoka Kitwe, Zambia, kwa malipo ya mfuko wetu, lawama hazijaisha. Tunaambiwa Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Nairobi na VJ Jingo wa Kampala walivuta watu kwa sauti moja tu, mtu mmoja akisimulia filamu nzima. Ni kweli, na kwa Kiswahili tunaendelea hivyo hivyo. Lakini mtafsiri wa namna hiyo hubebwa na ulimi wake, na wengi wetu Kibemba tumekiokota sokoni. Hata ng'ambo ya mpaka, wenyeji wa Nakonde ni Wanamwanga, wenye lugha yao. Kibemba kina toni, yaani sauti kupanda au kushuka hubadili maana. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea ya Kiswahili, na mtazamaji wa Kasama au Mpika, kwenye Kibemba chenyewe, anatucheka sisi badala ya kuicheka filamu. Mwanafunzi akimwambia mwalimu wake wa kung fu "isa kuno" (njoo hapa) badala ya "iseni kuno mukwai" ya heshima, amemvunjia heshima, na mara nyingi kichekesho kizima kiko hapo. Asiyeusikia utovu huo hawezi kuuigiza.

Wanaodai tunaharibu sauti halisi wajue kwamba filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa picha bila sauti, maneno yakaingizwa baadaye studio, mara nyingi na watu wengine kabisa.

Gharama zinatokana na kazi yenyewe. Nakala tunazopata zimechanganya maneno, muziki na vishindo. Ukifuta maneno, ngumi na nyayo zinafutika pia. Tunavitengeneza upya: mabua makavu ya mahindi kwa mfupa unaovunjika, fimbo nyembamba ikipungwa mbele ya maikrofoni kwa upepo wa teke, koti la ngozi juu ya godoro kwa ngumi ya kifua. Maneno husemwa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Kwa ukelele wa kushambulia mtu hurudi hatua mbili, na kilele cha sauti kwenye kipimo kisipite desibeli -6 (0 ndiyo mwisho wa mashine). Sauti ikishapasuka haitengenezeki. Mvua ikipiga bati tunasimama, ndiyo maana Januari hatutoi kitu. Sentensi ya Kibemba huwa ndefu na huishia kwenye irabu, mdomo wazi. Uso ukipigwa picha kwa karibu tunatafuta neno lenye m, p au b pale midomo inapokutana; maneno yanayobaki yanamaliziwa mhusika akigeuza mgongo.

Filamu ya tatu, ambayo sauti na picha vilipishana, haikuhujumiwa na mtu kama ilivyovumishwa. Nakala ya kurekodia ilikuwa ya picha 25 kwa sekunde, ya kuuzia picha 24. Kila dakika 10 sauti inaitangulia picha kwa sekunde 24. Mimi ndiye niliyeagiza kila nakala ipimwe kabla ya mtu kufungua mdomo, na ya nne ilitoka salama.

Mauzo ya Kibemba yalikuwa sh 1,650,000, ada sh 260,000. Waigizaji wa Kitwe walilipwa sh 900,000, kodi ya chumba sh 480,000, umeme na matengenezo sh 310,000. Salio sh 220,000. Kati ya wanachama 34, waliolipa ada ya sh 20,000 ni 13. Uamuzi ninaolaumiwa ulipitishwa Aprili na watu 11 waliofika, baada ya tangazo kubandikwa wiki mbili. Wanaolalamika zaidi hawakuwepo, na majina yao siyaoni kwenye daftari la mhazini. Inaniuma, kwa sababu kazi hii ni yetu sote.

Mwakani tunatarajia kuweka dari, kuwafundisha vijana wetu toni za Kibemba na, Mungu akijalia, kusogeza mbele suala la hakimiliki. Mwenye deni amwone mhazini kabla ya mkutano wa Machi. Asiyelipa hatapiga kura.

Mwenyekiti