Unga wa lishe: kinacholeta protini si wingi wa nafaka

Wateja wengi wanaotuletea unga wa lishe kusaga huja na orodha ndefu: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, na karanga kidogo. Wameambiwa kwamba nafaka zikiwa nyingi, protini nayo inaongezeka. Sisi huwa tunawaomba waipunguze orodha hiyo, na sababu yake inaanzia kwenye protini zenyewe.

Mwilini protini ziko za maelfu ya aina, na kila moja ina kazi yake. Himoglobini hubeba oksijeni ndani ya damu. Kolajeni hushikilia ngozi, mifupa na kano. Nywele na kucha ni keratini. Kingamwili hukamata vijidudu vya maradhi, na aktini na miosini ndizo zinazokunja misuli. Albumini hutengenezwa kwenye ini, na moja ya kazi zake ni kuzuia maji ya damu yasivuje kupita kiasi nje ya mishipa. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, huziamuru seli zipokee sukari. Hiyo ni protini ndogo sana, ina asidi amino 51 tu, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kujenga protini. Mgonjwa wa kisukari huchomwa sindano ya insulini kwa sababu akiimeza, tumbo litaimeng'enya sawa na maharage.

Protini zote hizo zinajengwa kwa asidi amino 20 zilezile, mpangilio tu ndio unaotofautiana. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Ikipungua moja, ujenzi unakwama hata kama nyingine zimejaa tele. Na zile zilizozidi haziwekwi akiba kama mafuta: mwili huzichoma kama nishati, na naitrojeni yake hutoka na mkojo.

Sasa rudi kwenye orodha ya mteja. Mahindi, mtama, uwele na ngano, zote zina upungufu wa asidi amino ileile, lisini. Hata mchele na ulezi haviwezi kuliziba pengo hilo. Ukichanganya nafaka sita umeongeza gharama na kazi ya kuosha na kuanika, lakini pengo liko palepale. Lisini imejaa kwenye maharage, kunde, choroko na soya. Hizo nazo zina methionini kidogo, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo sahani ya makande inamjenga mtoto kuliko uji wa nafaka sita bila kunde. Sisi tunapendekeza nafaka moja au mbili, sehemu tatu, kwa sehemu moja ya soya. Ukiweza, ongeza dagaa waliokaushwa vizuri. Protini yao haina pengo.

Tunaulizwa pia kuhusu supu ya makongoro, kwamba inakwenda moja kwa moja kwenye magoti. Haiendi. Kolajeni ya makongoro humeng'enywa kama protini nyingine, tena haina kabisa triptofani, asidi amino ambayo kwenye mahindi pia ni kidogo. Ugali kwa makongoro ni mtamu, lakini weka na maharage pembeni.

Ukitaka kuiona protini ikifanya kazi kwa macho yako, nunua kimea cha ulezi. Ulezi ukioteshwa hutengeneza amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, na vimeng'enya karibu vyote ni protini. Pika uji mzito unaosimama kwenye mwiko, uepue, upoe kidogo hadi uwe vuguvugu, kisha tia kijiko cha unga wa kimea ukoroge. Baada ya dakika chache uji ule unalegea na kumiminika, bila kuongeza tone la maji. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hilo ni jambo kubwa, kwani bakuli lilelile linabeba unga mwingi zaidi. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo kabla ya kumlisha. Usitie kimea kwenye uji unaotokota, joto hilo huiharibu amilesi. Tunatumia ulezi, si mtama, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Soya mbichi hatusagi. Ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, na joto ndilo linalokiondoa, hivyo tunaichemsha, tunaianika, kisha tunaikaanga. Karanga hatuchanganyi kwenye mfuko wa unga kwa sababu mafuta yake huchacha haraka. Zisage kidogo kidogo, utie wakati wa kupika, na zilizokunjamana au zenye ukungu zitupe.

Unga huu ni wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Mgonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini. Na mtoto aliyevimba miguu, nywele zikanyonyoka, asije kwetu kwanza: apelekwe kituo cha afya leo hii.