Mchanga wa Mwaloni umefika hadi London

Shikamoo mama. Najua Doto ndio atakusomea hii maana miwani yako bado haijatengenezwa, kwahiyo Doto soma taratibu na usiruke maneno. Mimi mzima, kazi inaenda, baridi imeanza ila makoti ninayo, usiwaze. Bibi mpeni shikamoo yangu, mwambieni ile kanga aliyonifungia kwenye begi ndio najifunika mabegani asubuhi nikinywa chai.

Nataka nikuhadithie jumamosi ilopita. Si unajua siku hizi nikiwa ofu nabeba kamera natoka, yaani hata kama sina pa kwenda. Basi nikaingia bustani moja kubwa sana hapa inaitwa Kensington, ina miti na maji katikati, na kuna nguzo ndefu ya jiwe jekundu imechongoka juu. Nimeshapita pale mara nyingi sikuwahi kusogea kusoma, siku hiyo nikasogea. Imeandikwa Speke, chini yake Victoria Nyanza, halafu Nile, halafu 1864. Mama nilisimama pale sijui dakika ngapi. Nyanza! Neno letu hilo, lile ambalo bibi akilitaja hamaanishi mtaa wala chama cha pamba, anamaanisha maji yale pale chini, na kumbe limechongwa kwenye jiwe katikati ya London na watu wanapita na mbwa zao hawana habari.

Nikarudi nyumbani nikasoma mpaka usiku. Huyu Speke alifika huko kwetu Mwanza Agosti 1858, mwenzake Burton kamwacha Tabora anaumwa, akaliona ziwa akalipa jina la malkia wake, akakaa siku chache tu akageuza. Baadae alirudi kwa safari nyingine, na 1862 akafika Jinja pale Nile inapotokea. Mwaka 1864 akafa kwa bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla hajakutana na Burton kwenye mdahalo wa hicho hicho chanzo cha Nile. Ila alienishika mimi roho sio yeye, ni Sidi Mubarak Bombay. Myao huyu, aliuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi Zanzibar mtu mzima, na ndio alikuwa na Speke siku wanaliona ziwa, na baadae ile Jamii ya Kifalme ya Kijiografia hapa London ikaja kumpa medali ya fedha. Shuleni sisi tuliimbishwa Speke, Speke, na Bombay sikuwahi kumsikia hata siku moja. Doto, mwambie mwalimu wako wa historia, kwa adabu lakini.

Sasa sikiliza hii mama. Pale pale karibu na nguzo kuna maji, na kwenye maji kuna magogo yamechomekwa, juu ya gogo kasimama mnandi. Mnandi kabisa, kama wale wanaokaa kwenye mawe ukitokea kivuko cha Kamanga! Kafungua mabawa anajianika, maana manyoya yake yanalowa akizamia, hayako kama ya bata. Nikapiga magoti kwenye majani mabichi suruali ikalowa yote, nikavuta lenzi mpaka mwisho nikasubiri jua litoke kwenye wingu, na lilipotoka nikaona jicho lake, la kijani mama, kijani kama kioo cha chupa, na tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya bawa. Nimekulia kando ya ziwa nikiwaona hao ndege kila siku, nilikuwa najua ni weusi tu basi. Picha nimeituma kwa Kulwa, muangalie kwenye simu yake maana ya kwako skrini imepasuka.

Na mwezi wa nane nilipanda treni nikaenda Glasgow, Uskochi huko, kama masaa manne na nusu hivi. Nilitaka nione mto Clyde kwa sababu ile meli ya MV Victoria ilitengenezwa huko, kiwanda cha Yarrow, vipande vikasafirishwa mpaka Kisumu vikaungwa, na 1961 ikaanza kazi ziwani. Ile ile uliyopanda na ujauzito wangu kwenda Bukoba usiku kucha ukatapika mpaka Kemondo. Mvua ilikuwa inanyesha, mto una rangi ya chai ya maziwa, hakuna cha ajabu cha kuona, lakini nimefurahi kufika.

Jana ndio nimepika zile dagaa alizoniletea mgeni wetu. Nimefanya kama unavyofanya wewe, nikazikaanga kavu kwanza zikanukia (jirani akafungua dirisha, nikamuonjesha, kaomba tena), nikatoa vichwa, nikazimwagia maji ya moto kwenye bakuli jeupe. Nikapika na nyanya, kitunguu na karanga za kutwanga, ugali wa muhogo unga nimepata soko la Ridley Road kwa Wanaijeria. Karanga hazikuwa kama zako, zile za huku zimekaangwa sana. Ila wakati namwaga yale maji nikaona chini ya bakuli umebaki mchanga, kidogo tu, kama kijiko cha chai. Mchanga wa Mwaloni, huko ufukweni zilikoanikwa. Nimeugusa kwa kidole, nikashindwa kuumwaga, uko kwenye kikopo dirishani.

Desemba nakuja, tiketi nimelipia nusu. Nataka twende wote Ukerewe kwa meli, wewe na bibi kama miguu itakubali, na tupite Bujora kwenye makumbusho, nimeona aibu nimefika Glasgow na sijawahi kuingia Bujora hapo Kisesa tu. Kamera nakuja nayo. Kulwa akatengeneze miwani kabla sijafika, hela nimemtumia leo asubuhi.

Na yule mgeni akirudi huku mwezi ujao mpe dagaa nyingine kilo moja, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Dagaa usizipepete mama, zifunge hivyo hivyo.

Mwanao