Mwanangu, kabla hujalipia hiyo nyumba ya Kivinje

Mwanangu, huku wazima wote, mama yako anasalimia na anasema hujampigia. Picha za nyumba nimeziona, nzuri kweli, mikoko unaiona ukiwa kitandani, ila we umeangalia upepo mi nimeangalia ukuta, kuna mstari usawa wa magoti hivi, rangi imebanduka na chumvi nyeupe imetoka. Mi nimekuwa bwana afya pwani hii mpaka nimestaafu, hapo maji ya bahari yalishaingia, dalali asikudanganye eti bomba lilipasuka.

Watu wakisikia kimbunga wanawaza mabati kuruka. Yanaruka kweli, lakini huku pwani maji ndo yanaua zaidi. Upepo unaisukuma bahari kuja nchi kavu masaa na masaa, hiyo ikikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndo basi tena, ikikuta maji mafu, siku bahari haijai sana, mnaweza mkapona. Kwa hiyo mkisikia tangazo la TMA, wale wa hali ya hewa, waulizeni na wavuvi bahari ikoje siku hiyo, na wakisema hameni, hameni mchana kweupe, msisubiri maji yafike mlangoni. Maji ya magotini tu yakiwa yanakimbia yanakubeba na mtoto mgongoni, afu usiku huoni shimo wala waya wa umeme ulioanguka. Zima swichi kubwa kabla ya kutoka. Na mumeo asirudi kuokoa ngalawa, mwambie mi baba mkwe wake nimesema.

Sasa bahari ikisharudi ndo watu wanajisahau, na hapo ndo nawaogopea zaidi. Kule Beira, Msumbiji, kimbunga Idai kilipiga Machi 2019, wiki mbili hazijaisha kipindupindu kikatangazwa, wakaugua watu zaidi ya 6,000, ikabidi wachanje watu kwa malaki. Sababu yenyewe ya kawaida tu, vyoo vimefurika, visima vimefurika, vyote vikawa kitu kimoja.

Kisima cha hapo nyumbani kikifunikwa na bahari msikinywe hata kama maji yanaonekana masafi. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haitoki, tena ukichemsha sana maji yanapungua chumvi inazidi. Vidonge vya klorini navyo ni hivohivo. Na chumvi yenyewe sio mambo ya ladha tu. Bangladesh, maeneo ya pwani ambako bahari iliharibu maji ya kunywa, watafiti wamekuta wajawazito wanaokunywa maji yenye chumvi nyingi wanapata sana presha ya mimba. We na hali uliyonayo, na mkweo na presha yake, mtakunywa nini? Wekeni madumu ya maji mapema, yenye mifuniko, juu kabisa, na mkinga mvua mkinge kwenye chombo kisafi. Kisima kinapigwa maji yatoke, kinawekwa klorini na mtu anayejua, hata hivo chumvi inaweza ikakaa muda mrefu tu.

Dawa za mkweo msingoje ziishe. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuwa kishaanza kuchoka kilipofika kwetu na bado barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, sasa dawa itapita wapi? Funga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na pakiti za ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji mtu akiharisha.

Wakati wa kusafisha vaeni buti. Misumari, vioo, nyoka nao wanakimbilia ndani. Ukichanika osha kwa maji safi na sabuni uende zahanati siku hiyohiyo wakuchome ya pepopunda, na kidonda cha maji ya bahari kikivimba na kuuma kupita kiasi usipake mafuta ya nazi ukangoja, kuna bakteria humo wanakula nyama haraka mno. Jiko la mkaa msiliingize ndani hata mvua inyeshe vipi, moshi wake mbaya zaidi hauonekani. Chandarua msiache, kuna mbu wa malaria huku pwani wanazaliana hata kwenye maji ya chumvichumvi.

Kama nyumba umeipenda sana muulize mwenye nyumba mwaka gani maji yaliingia na yalifika wapi, ila waulize na majirani, hasa bibi wazee. Halafu nasikia kule juu, nyuma ya barabara, kuna vyumba vinapangishwa. Nenda ukavione kabla hujatoa hela, jioni nipigie. Na mama yako mpigie.