Barua ya wazi kwa wazee wa makanisa ya Dodoma: mlezi naye apokewe mzigo

Wapendwa wazee wa kanisa, wachungaji na viongozi wa jumuiya, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa mama mzee niliyetumika miaka mingi katika umoja wa wanawake wa kanisa, na ninalo neno moja: familia yenye mtoto mwenye ulemavu au ndugu mwenye ugonjwa wa akili tunaiombea sana, lakini hatuipokei mzigo. Msiba ukitokea tunajua la kufanya. Tunachangishana, tunapika, tunalala matangani, kisha kila mtu anarudi kwake. Nyumba hizi hazina siku ya kuanua matanga, na kuzitembelea mara moja na kilo mbili za sukari hakutoshi.

Ninaposali yupo mama mwenye kijana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo. Huketi benchi la mwisho karibu na mlango, kanga begani ya kumfutia mate, na spika zikipazwa kijana hushtuka na kukakamaa, naye humbeba mgongoni na kutoka kabla ya mahubiri. Kiti cha magurudumu anacho, ila huzama kwenye mchanga wa korongo lililo kati ya kwake na barabara. Miaka yote hiyo tulimwona akitoka, wala hakuna aliyenyanyuka kumfuata. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo.

Kinachomlemea zaidi ni msimu wa kilimo. Mvua za Dodoma ni chache na palizi ya uwele haingoji, kwa hiyo wapo akina mama wanaomfungia mtoto ndani ili wawahi shambani, na jirani akigundua huwaita wakatili. Mzee wa kanisa, kabla ya kumkemea mama huyo, muulize nani angebaki na mtoto. Jumuiya inaweza kufanya msaragambo shambani kwake asubuhi moja, na mwenzake mmoja akabaki nyumbani baada ya kufundishwa kumlisha: kijana aketishwe wima, kijiko kiwe kidogo, asiharakishwe, kwa kuwa uji ukipita njia ya hewa unaweza kumletea nimonia.

Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapa kwetu, na bado jina lake tunalitumia kama tusi, wakati mwingine hata mimbarini. Mke aliyemtoa mumewe huko juma lililopita huwa ameketi mbele yenu, akiwasikia waumini wakicheka. Nawasihi muache. Acheni pia kuuliza ni dhambi ya nani. Wanafunzi walikwisha kuliuliza hilo juu ya kipofu tangu kuzaliwa, na Bwana akawajibu kwamba si yake wala ya wazazi wake.

Nilimshuhudia kijana aliyetangazwa katika mkesha kuwa amepona, akaambiwa kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Baada ya majuma machache alikuwa halali usiku, anajibizana na sauti ambazo sisi hatukuzisikia, na ndugu zake wakamfunga kamba. Dawa za magonjwa haya hazikatizwi kienyeji. Mwenye kifafa akiziacha ghafla anaweza kupata degedege la mfululizo hata akafa. Ombeni, wekeni mikono, kisha mwambieni arudi kwa daktari, na mumwulize kama nauli anayo, maana kutoka Mpwapwa au Kondoa wengi hukosa kliniki kwa sababu ya nauli tu. Mfuko wa matendo ya huruma ungeweza kuibeba kila mwezi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imesema juu ya majengo kufikika, kwa hiyo njia ya mteremko mlangoni isiendelee kungoja harambee ya mnara.

Kabla mvua hazijaanza, baraza la wazee likae na kuandika nyumba hizi zote za mtaa wake, kwa idhini ya wenyewe, kisha kila nyumba ipangiwe watu wawili wa zamu kwa mwaka mzima. Kwa yule mama wa benchi la mwisho, Jumanne ni zamu yangu.

Mama yenu katika Kristo,
Dodoma