Baba kagoma, njoo unisaidie

Ngamiani, Barabara ya 12
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Sisi hatujambo, joto tu linatumaliza. Najua nimekaa kimya tangu Idi, lakini usininunie kwanza, ninune baadaye. Nina shida.

Harusi ya Nasri iko pale pale, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Kadi zimeshachapwa, ukumbi tumeshalipia nusu, na hiyo nusu hairudi, risiti nimeisoma mara tatu. Ukumbi wenyewe uko Raskazone, ile nyumba ya zamani inayotazama bahari, yenye ngazi za mawe. Basi juzi nampelekea Baba chai na vitumbua, nampa na kadi yake. Akaisoma, akaigeuza, akairudisha kwenye sinia. "Pale siendi."

Nikadhani ni mguu. Nikamwambia, "Nasri atakuchukua kwa gari mpaka mlangoni." Akaniuliza, "Mlango upi?"

Mwenzangu, miaka yote hii sikuwa najua. Kumbe 1956 Baba alikuwa boi wa jikoni palepale, wakati ule pa Wazungu watupu. Kuingia ni kwa nyuma, penye kuni. Ngazi za mbele alizisugua kila alfajiri kabla hawajaamka. "Zile nimezipanda kwa magoti tu," akasema, "na tambara mkononi."

Na mimi kwa ujinga wangu nikamjibu, Baba, hayo si yalikwisha na Uhuru? Weee! Nilisomewa kesi mpaka adhana ya magharibi. Ndipo nikaambiwa habari za kura tatu za 1958: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja, kana kwamba tulikuwa sawa kwa idadi. TANU walibishana sana Tabora, mpaka Mwalimu akawashawishi waingie hivyo hivyo. Baba akabeba viti vya mikutano, akaimba mpaka sauti ikamkauka, halafu siku ya kura akabaki nje analinda baiskeli za wenzake. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umefika darasa la nane, au una cheo cha maana. Pauni 150 ni shilingi 250 kwa mwezi. Yeye akilipwa 45, na shule aliishia la nne.

Hapo nikamkumbuka mjomba wako aliyesoma Same, na mwalimu wake wa hesabu, yule Mmarekani mweusi, Bob Moses. Tulivyokuwa tukimcheka, ati kila neno "Moses kasema"! Kumbe Moses kabla ya kuja huku 1969 alikuwa Mississippi, kule kwao Marekani, akiandikisha weusi wenzake wapige kura. Kule karani wa Kizungu anakupa kifungu cha katiba ukieleze, na msahihishaji ni yeye mwenyewe. Huku pauni, kule mtihani. Mtihani ule uling'olewa na sheria ya 1965. Nikamsimulia Baba. Akanyamaza, kisha: "Na huko nako wapo wazee wasiotaka kupanda ngazi?" Nikakosa jibu.

Usidhani Baba ni malaika, lakini. Si ndiye aliyemkatalia dada yangu yule kijana wa Kihindi wa duka la spea za baiskeli? Unakikumbuka kilio kile? Nilitaka kumtajia, nikajing'ata ulimi. Siku nyingine.

Nasri anataka tubadilishe ukumbi, mama wa bibi harusi hasikii. Mume wangu naye kaja na lake: mzee apandishwe zile ngazi mbele ya watu wote kwa tarumbeta. Mimi naogopa tutamfanya kioja. Au labda ndicho anachokitaka, sijui. Jana nimemkuta anapiga viatu vyake rangi, nikauliza vya nini, akasema vumbi.

Wewe anakusikiliza, anakuita "mama" mpaka leo. Unaweza kuja wiki moja kabla? Utamwambia nini? Nimbembeleze au nimwache? Ungekuwa yeye, ungepanda? Mjomba bado ana akili timamu za kuja kukaa naye barazani, au ndiyo basi tena? Na ile kanzu ya darizi ya Baba iko kwa fundi wako huko Dar, au niliichukua nikasahau?

Nijibu upesi, salio la ukumbi linadaiwa Ijumaa.

Zuhura wako